Mlango wa Pili wa Kirusi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Kiherehere alikimbilia dirishani kukagua jaribio lake la shule: mifuko miwili, kila mmoja na kipande cha mkate. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu miguu yake ilifika kabla ya akili. Kipande kimoja alikuwa amekishika kwa mikono michafu, cha pili kwa mikono aliyoiosha kwa sabuni. Kesho angevionyesha mbele ya shule nzima, na alikuwa ameshajigamba kwamba kile cha mikono ya sabuni kitabaki safi.

Asubuhi hiyo akatoa macho. Vyote viwili vilikuwa vimeota ukungu!

"Nimeumbuka!" Upesi akachukua kipande kipya kabatini, akakitia kwenye mfuko wa pili badala ya kile cha mikono ya sabuni.

"Mkate umepona ghafla, bibie?"

Alikuwa Shangazi, koti jeupe la maabara mkononi. Alikuwa mwanasayansi, akichunguza jinsi virusi hatari vinavyoingia kwenye seli za binadamu.

Kiherehere alitamani ardhi ipasuke immeze. "Shangazi, jaribio limeharibika. Watanicheka."

"Keti nikupe habari!" Shangazi mwenyewe hakukaa, kwa furaha. "Tulijua kirusi chetu kina mlango mmoja tu wa kuingilia kwenye seli. Tukauziba. Jana tukakuta seli zimeambukizwa vilevile! Mwenzangu akasema tuyatupe majibu hayo, tumekosea. Nikamwambia turudie. Tumerudia, jibu ni lile lile. Mwanangu, kina mlango wa pili!"

"Na kama mngeficha jibu hilo?"

"Tungetengeneza dawa ya kulinda mlango wa mbele, huku kirusi kinapita uani."

Kiherehere akaruka. "Basi na ukungu wangu umepita uani! Lakini wapi?"

"Ulinawa. Halafu?"

"Nikajifuta na..." Macho yake yakaenda kwenye msumari, kiliponing'inia kitambaa cha kufutia vyombo, kibichi, kinanuka. "Kitambaa!"

"Huenda. Rudia uone."

Kesho yake shuleni alionyesha mkate ule ule ulioota ukungu, akaeleza alivyoshuku kitambaa. Wenzake walicheka, kisha wote wakageukia bombani, ilipotundikwa taulo moja ya shule nzima. Kicheko kikakatika. Mwalimu akaenda kuitoa mwenyewe.

Kiherehere alirudia jaribio, safari hii akiacha mikono ikauke yenyewe. Kipande cha mikono ya sabuni kikabaki cheupe pe! Alikimbia nacho hadi kwa Shangazi, nusura amwangushe.

"Unaona?" Shangazi alimkumbatia akicheka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungebadilisha ule mkate, ungepigiwa makofi, na shule nzima ingeendelea kujifuta kwa taulo ile."