Nilivyozitemea Mate Nywele za Maestro

Wenye wananijua hapa Hayes wanajua kitu kimoja: nikicheka, hata ndege za Heathrow zinanyamaza kidogo. Shule sikumaliza, bwana alinikimbia, lakini kucheka na kupiga domo, hapo hamniwezi. Kicheko ndiyo kitu changu. Sasa hebu sikieni kilichonipata.

Ilikuwa Novemba. Saa kumi jioni na giza ishaingia, si mnajua huku ng'ambo. Nikaenda kwa Mama Bharti, mteja wangu wa kea, hii kazi ya kutunza wazee, nimpe dawa, nimpikie chai, nimchane nywele. Kazi ya nusu saa. Mama Bharti ni Mhindi wa Kisumu, ana miaka themanini na moja, zamani alikuwa mwalimu wa piano. Kiswahili chake ni kile cha jikoni. Anapenda story zangu, na mimi napenda chapati zake.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanichefua: picha ya mzungu juu ya piano. Nywele mpaka mabegani, pua kama kisu. Mama anamuita Maestro. Mtu wa enzi za farasi huyo, fundi wa piano, ati akicheza wanawake wanazimia! Wanapigania nywele zake, vipande vya sigara yake. Mmoja aliweka machicha ya chai yake kwenye chupa ya marashi. Chai imetoka kwa mdomo wa mtu! Ptuh! Nilivyosikia hiyo nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Wewe hapana cheka," Mama akaniambia. "Yeye hapana penda kelele. Mfalme naongea, yeye naacha piano, nangoja."

"Basi mimi angenifukuza, Mama!"

Hakucheka. Aliangalia vidole vyake, vimejikunja kama miguu ya kuku. Kati ya kila kidole na kingine kuna kovu. Alijichana ngozi hapo na wembe akiwa msichana, ati mkono upanuke, apige wimbo wa mwisho wa Maestro. Huyo bwana aliutunga kwa ukubwa wa mikono yake mwenyewe. Mama hakuwahi kuufikisha mwisho.

Sasa siku hiyo nikamchana, akasinzia kwenye kiti. Nikaanza kupanga nyumba. Juu ya piano nikaona kisanduku kiko wazi, sijawahi kukiona. Ndani, kibonge cha nywele nyeupe. Nikasema hizi ni za Mama, ameziokota kwa kitana. Kwetu nywele haziachwi hivyo. Nyanya alinifundisha: viringa, temea mate, tupa, asije mtu akakuchezea nazo. Na Mama Bharti anajua, mara ngapi ameniona nikifanya!

Nikazishika. Zina mafuta. Zina joto... kama zimetoka kichwani sasa hivi.

Ptu. Ptu. Ptu.

Nikatupa chooni, nikavuta maji.

Piano ikalia.

Noti moja. Ile ya chini kabisa.

Nikatoka mbio. Mama yuko palepale kwenye kiti, macho wazi. Kifuniko cha piano kimefungwa. Na harufu, Yesu wangu... sigara ya zamani, na nywele zilizoungua kwa pasi.

"Bridget," akanong'ona. "Nyele ya Maestro iko wapi?"

"Si... si ni zako, Mama?"

"Wewe natema mate?"

Nikapangusa mdomo. Akafunga macho.

"Mimi pia natema. Siku ile nanunua. Nafikiri ni chafu." Akainua vile vidole. "Yeye nachukua hii. Sasa yeye iko na mate yako. Yeye nachukua kitu wewe napenda."

Nikajaribu kucheka. Si ndiyo dawa yangu?

Kicheko hakikutoka. Kitu kilinikwaruza kooni. Nikaingiza kidole, nikashika uzi. Nikavuta. Nikavuta... Unywele mweupe, mrefu kama mkono wangu, unateleza, una ladha ya machicha ya chai. Nikatapika yote kwa sinki.

Nikipita kuchukua koti, nikaona kile kisanduku.

Nywele zimo.

Zimelowa. Zinadondosha maji ya choo.

Daktari alinimulika kooni, hakuna kitu. Binti yangu Serah ananijibu kwa Kizungu, ati ni stress. Kuongea kidogo naweza, chini chini. Nikicheka tu, au nikipaza sauti, nywele zinapanda. Moja, mbili, halafu kibonge. Juzi kwenye harusi moja zilijaa mpaka nikatoka nje kama mlevi, watu wakadhani nimeshiba pilau.

Kwa Mama Bharti sijarudi. Ejensi ya kazi wameweka kea mwingine, Amisha. Jana Amisha akanipigia simu, ana furaha: "Auntie, vidole vya Mama vimenyooka! Anapiga piano siku nzima!" Akaweka simu karibu nisikie. Ulikuwa ule wimbo wa Maestro. Mama aliupiga mpaka mwisho. Halafu nikamsikia akicheka. Miaka mitatu nimemchana nywele, sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

Kicheko kikubwa. Cha kushika ukuta.

Changu.

Hicho kisanduku, nimeuliza Amisha, kinakaa wapi? Ati kabatini, na kufuli, na ufunguo Mama anavaa shingoni. Sasa siku ile nani alikifungua?

Nilitaka kumtukana Mama. Koo likajaa nywele. Ndiyo maana mnaona nawaandikia, mimi ambaye sijawahi kuandika hata barua.

Naandika na mkono mmoja. Huu mwingine unavuta.