Upana wa Vidole Vinne

Kama wewe ni mtu wa kucheka mambo ya watu, cheka sasa hivi, maana huko mbele hutapata nafasi.

Joyline alikuwa na duka pale Laare, chumba kimoja cha mabati. Upande huu aliuza soda, sukari na sabuni. Upande ule alipokea miraa kutoka kwa wakulima, akaichambua, akaifunga kwa majani ya migomba, na vijana wa bodaboda wakaikimbiza mjini Maua. Kazi hiyo aliianza akiwa msichana. Hakuna fungu lililopita juu ya meza yake bila kufunguliwa na kukaguliwa. Hata akiwa katikati ya umbea mtamu, mkono wake ulifungua fungu wenyewe, ukapapasa ncha, ukafunga tena.

Juu ya meza hiyo kulikuwa na mashine mpya ya malipo. Mteja anasogeza simu yake karibu, mashine inalia tii, basi, amelipa. Aliyeitaka mashine ni Kathambi, bintiye wa pekee, msichana mkubwa aliyekuwa akisomea ualimu. Tangu baba yake afe, nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, wao wawili.

Siku ya kuisajili, kijana wa benki aliyeitwa Kinyua alimwambia Joyline aweke kidole. Kikakataliwa. Akaweka kingine. Kikakataliwa pia. Miaka yote ya kuchambua miraa ilikuwa imemla alama za vidole, vikabaki laini kabisa.

"Tuweke mtoto basi," Kinyua akasema.

Kathambi akaweka kidole chake, kikakubaliwa mara moja. Mashine ikawa kwa jina lake.

"Sasa wewe ndio bosi," Joyline akamtania. "Mimi nimeandikwa kazi."

Kinyua aliwaeleza kwa madaha yote ya kijana aliyetoka kwenye semina juzi. "Hii kitu ni safe kabisa, mama. Namba ya kadi haikai kwa simu. Iko mbali huko, kwa kompyuta za benki. Simu inatoa tu alama ya siri, inatumika mara moja, inakufa. Na lazima mwenye simu aweke kidole chake mwenyewe. Mwizi hawezi. Tena mashine haisomi simu ya mbali, lazima zikaribiane hivi." Akaonyesha upana wa vidole vinne.

Joyline alitikisa kichwa na kusahau. Angejua, angeyakariri maneno yale usiku na mchana.

Jioni moja alikuwa akimwagia maji majani ya migomba yasikauke, karibu afunge duka, aliposikia harufu.

Harufu ya tope. Tope la chini ya maji yaliyosimama.

Mzee mmoja alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti refu. Koti lilikuwa linachuruzika maji. Laare haikuwa imeona mvua siku nyingi.

"Wimwega," mzee akasalimu, kwa lugha ya watu wa chini, wa Mbeere.

"Karibu, mzee. Nikupe nini?"

"Soda. Yoyote."

Joyline akainama kutoa chupa, akabonyeza bei kwenye mashine. Aliponyanyuka, fungu lilikuwa juu ya meza. Fungu dogo, limefungwa kwa majani ya migomba na kamba ya mgomba, vizuri mno. Hakufikiri. Mkono ukaenda wenyewe. Kamba ikalegea, majani yakafunguka.

Vijiti vyeusi. Vinateleza. Katikati yake, gugu la majini.

Ndipo akautambua mkunjo wa yale majani. Hilo halikuwa fungu la biashara. Lilikuwa ncoolo, miraa ya posa, ile inayopelekwa nyumbani kwa msichana anapoombwa. Kila Mmeru anaijua. Ukiiacha imefungwa, umekataa. Ukiifungua, umekubali mazungumzo yaanze. Na katika nyumba ya Joyline hapakuwa na mwanamume wa kuipokea. Mwenye nyumba alikuwa yeye.

"Asante kwa kufungua," mzee akasema polepole.

"Mzee... mimi nilidhani unauza."

"Siuzi. Ni ya kijana wangu."

Akatoa simu mfukoni. Kioo kilikuwa kimepasuka, maji yakidondoka kwenye tundu la chaji. Haikuwa na mwanga wowote. Aliishika kwa kingo tu, kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye mashine. Joyline aliona alama ya kidole gumba ikijitokeza juu ya kioo, taratibu, kama mtu anavyobonyeza dirisha lenye mvuke.

Ilijitokeza upande wa ndani.

Tii.

Bei ya soda ikafutika. Badala yake mashine ikaandika: STEPHEN KIVUTI. MALIPO YA KWANZA. YAMEKUBALIWA.

Joyline alipoinua macho, mlango ulikuwa wazi na mzee hayupo. Akakimbilia nje. Vijana wa bodaboda walikuwa papo hapo mbele ya duka wakipiga soga, na hakuna aliyemwona mzee wa koti. Nyayo za maji zilifika kizingitini zikaishia hapo. Soda ilibaki juu ya meza, haijafunguliwa.

Kathambi alirudi nyumbani akiwa anacheka. "Mum, Stephen ni nani? Amelipa, jina yake imeingia kwa simu yangu."

Joyline alitaka kumwambia. Akamwambia ni mteja tu. Aliogopa kwamba akiyasema yatakuwa kweli, na huo ulikuwa woga wa kijinga, maana yalikuwa kweli tayari.

Asubuhi Kathambi aliamka nywele zimelowa. Akasema ni jasho. Asubuhi iliyofuata mto wake ulikuwa na mchanga. Akaacha kwenda chuoni. Akawa anakaa uani, miguu ndani ya beseni la maji, anatazama upande wa kusini, kule mabonde yanakoteremka. Wanawake wa kanisa walikuja wakaomba mpaka sauti zikawakauka. Kathambi aliwasikiliza kwa adabu, akawashukuru, akarudisha miguu kwenye beseni. Kisha jioni moja, mama yake alipomletea shuka, alimwambia neno lililomkata maini.

"Huku kwenu kuna baridi sana."

Huku kwenu!

Kesho yake Joyline akaenda kwa Kinyua na mashine mkononi. Akamsihi ayarudishe malipo yale.

Kinyua akabonyeza kompyuta yake, akatazama. "Hii malipo iko sawa, mama. Imethibitishwa kwa kidole. System haioni shida yoyote."

"Simu ilikuwa imekufa! Ilikuwa inatoa maji!"

"Ingekuwa imekufa ingekataa. Hii haiwezi kudanganywa. Aliyelipa ni mwenyewe." Akasoma zaidi. Akageuza kioo cha kompyuta Joyline asione. Aliposema tena alikuwa ananong'ona. "Mama, sikukuambia mimi. Familia ililetea benki karatasi za kufunga hii akaunti. Mwaka jana. Ni watu wa Kiambere, kule chini Mbeere."

"Kwa nini waifunge?"

Kinyua akamsogezea mashine yake. "Kurudisha inawezekana. Lakini lazima simu ile ile iletwe, iguse tena, na yeye aweke kidole."

Kutoka hapo akaenda kwa Muthamia, kaka ya marehemu mumewe, mzee wa baraza anayezijua desturi zote. Muthamia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulifungua kwa mkono wako?"

"Ni mkono tu, Muthamia. Ni mazoea ya kazi. Moyo haukuwemo."

"Mkono ni wako." Mzee alifuta macho. Alimpenda Kathambi. "Ncoolo ikifunguliwa, anayeweza kuichukua ni yule aliyeileta. Sisi hatuna la kufanya."

Benki na wazee walikuwa wamesema neno moja. Joyline alilia njiani kote, bila kujificha, watu wakimtazama.

Wakateremka Kiambere kumtafuta mzee wa koti, mama na binti, mashine ndani ya kikapu. Kadiri joto lilivyozidi ndivyo Kathambi alivyochangamka. Waliposhuka kwenye gari jua lilikuwa linazama. Joyline akasimama amuulize mtu njia. Kathambi hakusimama. Alishika kijia katikati ya vichaka vya miiba na kukifuata mpaka kwenye boma moja karibu na bwawa, na mama yake akamfuata nyuma mbio mbio.

Mwanamke mmoja mzee alikuwa langoni. Jina lake Ciakuthii.

"Karibuni," akasema. "Nyumba yenu tumeshapiga lipu." Akamshika Kathambi mashavu yote mawili, akalia.

"Stephen yuko wapi?" Joyline akauliza.

Ciakuthii akaelekeza kidevu kwenye maji. "Alizama akivuka na ng'ombe. Hatukumpata. Alienda na simu yake mfukoni."

"Na mzee wako? Mzee wa koti? Nataka achukue kitu chake!"

"Baba yake alisema kijana hatatulia bila mke. Kila siku alisema hivyo. Halafu akaingia majini kumtafuta, na hilo koti lake. Kabla ya mavuno."

"Kabla aje kwangu ama baada?"

Ciakuthii akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimtisha Joyline kuliko kitu chochote alichokuwa amekiona. "Mama Kathambi. Simu ilikuwa na mtoto, huko chini. Unadhani baba yake aliipatia wapi?"

"Nirudishie mtoto wangu! Nakuomba! Wewe pia ni mama!"

"Ni mama. Hata ningetaka, si mimi niliyeleta."

Joyline akarukwa na akili. Alichomoa mashine kikapuni akakimbia nayo mpaka ukingoni. Kama hakuna mashine, hakuna malipo. Kama hakuna malipo, hakuna posa. Akainua mkono.

"Mum, usitupe!" Kathambi akapiga ukelele. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya mtoto wake, ya mwisho.

Joyline alikuwa ameshatupa.

Mashine ilielea kidogo, ikapiga mbizi. Maji yakatulia. Kimya... Hata vyura walinyamaza.

Ndipo akamkumbuka Kinyua. Haisomi simu ya mbali. Lazima zikaribiane. Vidole vinne.

Tii.

Sauti ilitoka chini, mbali.

Simu ya Kathambi ikawaka mkononi mwake. "Malipo ya pili," akasoma, kwa sauti ya upole. Tii. "Malipo ya tatu." Tii... tii... tii... Joyline aliziba masikio na bado akasikia. Kisha zikakoma.

"Malipo ya mwisho. Yamekubaliwa."

Kathambi akavua viatu. Akavipanga sambamba, jinsi alivyovipanga mlangoni kwa mama yake tangu utotoni. "Wamemaliza mahari, mama," akasema, akaanza kuteremka.

Joyline alimdaka mkono. Alimshika kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Lakini mkono wa Kathambi ulikuwa umelowa, na vidole vya Joyline vilikuwa laini, vimeliwa, havina hata mkwaruzo wa kukamatia. Mkono ukateleza. Akashika tena. Ukateleza. Akashika ncha za vidole...

Wapiga mbizi walitafuta, hawakupata kitu.

Laare wanasema msichana alichanganyikiwa na masomo. Kinyua aliomba uhamisho. Joyline bado ana duka lile. Anapokea noti na sarafu tu, na kazi ya miraa ameiacha.

Ila jioni ya juzi, alipogeuka kutoka rafuni, alikuta meza imelowa. Juu yake kulikuwa na fungu dogo la majani ya migomba. Kamba ilikuwa imezungushwa mara mbili na kufichwa ncha yake ndani. Ni mtu mmoja tu aliyefunga hivyo, na Joyline ndiye aliyemfundisha.

Akilifungua, hajui anakubali nini. Akiliacha, amemkataa mwanawe.

Liko pale mezani mpaka sasa. Amekaa mbele yake, mikono yake ameibana chini ya mapaja, na mikono inataka kwenda.