Kaltuma wa Abuya

Tone la rangi nyekundu lilimwangukia Kaltuma begani, kwenye shashi ya manjano aliyojitanda kichwani, siku ya soko pale Isiolo, mwaka wa 1981.

"Wewe wa huko juu," alisema, "hii rangi ni ya bucha ama ni yangu?"

Kijana aliyekuwa kwenye ngazi akiandika NYAMA SAFI ukutani alitazama chini na kusahau herufi ya mwisho. Alikuwa Ebei, Mturkana mrefu, suruali pana chini kama mtindo wa siku hizo, imejaa madoa ya kila duka la mji.

"Ni yako sasa. Imekupenda."

"Basi ije inifulie."

Watu wa soko walicheka. Kaltuma hakuondoka. Yeye na wenzake wa mtaa wa Chechelesi walikuwa na kikundi cha kujitolea, Machela ya Chechelesi. Walibeba wagonjwa na akina mama wa uchungu mpaka hospitali. Lakini watu hawakujua wagonge mlango gani, na wengine walizalia njiani. Walihitaji ubao mkubwa sokoni, wa kuwaambia.

"Nani analipa?" Ebei aliuliza.

"Hakuna. Sisi wote tunajitolea."

"Na mimi nijitolee kwa machela ama kwako?"

"Anza na machela."

Ile bucha ilikaa wiki nzima ikiitwa NYAMA SAF.

Mapenzi yakaingia. Ebei alipaka ubao rangi nyeupe, Kaltuma akamletea chai ya maziwa kwenye chupa, akikosoa machela aliyoichora kwamba inafanana na kitanda cha mlevi. Walipatana kuoana. Ebei, mtu wa kanisani, alikuwa amekubali kusilimu. Kilichobaki ni mkubwa wa kumsemea kwa wazee wa Kaltuma, na Kaltuma alisema hilo amwachie yeye.

Hapo ndipo wivu ulipomkuta Ebei.

Kaltuma alianza kwenda kupiga simu dukani kwa Abdisalan. Ebei alimfuata, akasimama kando ya magunia ya sukari. Kaltuma aliongea Kiborana haraka haraka, na Ebei alijua Kiborana cha kununua mbuzi tu. Neno moja lilirudi kila mara. Abuya. Abuya. Halafu kicheko.

"Abuya ni nani?" aliuliza walipotoka.

Kaltuma aliona ule uso uliokunjamana, akapenda kuuchokoza. "Ni mwanamume wangu wa Nanyuki. Nampenda kuliko wewe."

"Sema ukweli, dia."

"Nimesema. Anakuja Ijumaa, utamwona."

Wasichana, mzaha huo si wa kumfanyia mtu mwenye wivu. Nawaambia kama mama.

Alhamisi mchana lori la Nanyuki lilisimama, akashuka kijana wa rika la Ebei, kofia nyeupe, saa ya kung'aa. Amefika mapema. Kaltuma alimkimbilia, akampokea begi, akamfuta vumbi begani kwa shashi ileile ya manjano. Ebei alikuwa ng'ambo ya barabara na brashi mkononi. Hakuvuka kusalimia. Alirudi kwenye ubao, uliokuwa umeandikwa kwa rangi nyeusi UKIPATA MGONJWA, MWITE KALTUMA, akachovya brashi kwenye nyekundu na kuongeza: WA ABUYA. Mji wote ujue ana mwanamume. Halafu akaufunika kwa shuka.

Ijumaa baada ya sala, watu walijaa sokoni kuzindua ubao. Shuka ikavutwa. Ebei alisubiri aibu imwangukie Kaltuma.

Akina mama wa Kiborana walisoma, wakapiga vigelegele. Yule kijana wa Nanyuki alijishika kifua.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi," Ebei alisema, kifua mbele.

"Kwetu abuya ni mjomba, ndugu ya mama. Mimi ni kitinda mimba kwao mama yake, na Kaltuma tumekua pamoja. Sijawahi kuona mtu akimheshimu mjomba hivi. Njoo nyumbani. Nitakusemea mimi mwenyewe."

Ebei alitafuta pa kuweka macho. Kaltuma alimvuta nyuma ya ubao.

"Hukuandika kwa heshima."

Ebei alikwaruza doa la rangi kwenye suruali yake.

"Ulitaka nichekwe. Mbele ya mama yangu."

"Ulinidanganya, Kaltuma. Ulisema ni mwanamume wako."

"Nilikutania, na hilo ni kosa langu. Ungemuuliza Abdisalan, angekuambia. Ungevuka barabara, ungemsalimia." Alijifunga shashi vizuri. "Abuya amekukubali. Mimi bado. Naenda Meru kujifunza huduma ya kwanza. Nipigie huko. Nataka kusikia utaniuliza nini."

Ebei aliapa amebadilika. Jumapili ya pili aliomba simu kwa Abdisalan, akaunganishwa mpaka Meru. Sauti nzito ya mwanamume ikaitikia, ikasema subiri, ikamwita Kaltuma. Alikuja mbio, Ebei alisikia ndala zake.

"Haloo? Ebei wangu?"

Angeweza kusema habari. Angeweza kusema nimekukosa.

"Huyo aliyeshika simu ni nani?"

Kwenye waya ulisikika mkwaruzo tu, mpaka Abdisalan akainua macho kwenye mizani.

"Askari wa lango," Kaltuma alisema taratibu. "Ana wajukuu." Akaweka simu chini.

Ndoa haikufungwa, na Ebei alihamia Ngaremara, nje ya mji. Ubao ulibaki, na watoto wengi wa Chechelesi walizaliwa hospitali kwa sababu yake. Jua lilifuta maneno meusi kwanza. Yale mawili mekundu ndiyo yalikawia.