Blanketi la Marehemu

Mwezi wa Novemba, kijiji kizima cha Kagoma huamkia senene, wale panzi wa kuliwa. Asubuhi moja ya mwaka 1990 Jovitha alikuwa barazani na bibi yake, Klaudia, wakichambua mabawa na miguu kabla ya saa ya shule. Ndani, wadogo zake wawili walikuwa bado wamelala, wamejifunika khanga moja. Tangu ugonjwa ule umchukue baba yao, Rwegasira, kisha mama yao, bibi ndiye aliyewalea.

Jovitha alikuwa darasa la sita, na mwandiko wake ulisifiwa hadi ukamtia kiburi kidogo. Ndiyo maana siku hiyo Mwalimu Byarugaba, katibu wa kamati ya yatima, alimpa kazi. Kulikuwa na orodha mbili za nyumba zenye yatima, moja ya kanisa na nyingine ya kijiji. Mablanketi yalikuwa njiani kutoka Bukoba, moja kwa kila nyumba.

"Ziunganishe ziwe daftari moja," alisema. "Nyumba iliyo kwenye orodha zote mbili, uiandike mara moja tu. Ukikwama, niulize. Mimi ni mtu wa Nshambya, vibanja vya hapa bado sijavijua."

Kazi ilikwenda vizuri hadi alipofika nyumbani kwao. Kanisa liliandika Klaudia. Kijiji kiliandika Rwegasira, kwa sababu kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, huendelea kuitwa kwa jina la mwenyewe hata kama amezikwa humo humo. Nyumba ilikuwa moja. Jovitha akaikumbuka ile khanga. Akaandika majina yote mawili, moja ukurasa wa kwanza na jingine wa tatu, yakae mbali kabisa.

Siku ya kugawa, bibi aliumwa mguu, hivyo Jovitha alipanga foleni peke yake. Lilipoitwa jina la Klaudia, akapokea. Lilipoitwa la Rwegasira, akapokea tena kama anayempokelea jirani, macho chini.

Wa mwisho daftarini alikuwa Ayubu, mwanafunzi mwenzake, aliyekuwa akimlea dada yake mdogo bila mtu mzima. Mwalimu aliingiza mkono ndani ya robota, akautoa mtupu.

"Yamekwisha. Sijui, labda wamekosea kuhesabu huko Bukoba. Pole sana, Ayubu."

Jovitha alisikia, akayakumbatia yote mawili, akaondoka. Nyumbani bibi aliuliza, "Mbona mawili, mwana wange?"

"Mwalimu ameongeza, tuko wengi." Uongo wa kwanza ulikuwa umeshazaa.

Asubuhi iliyofuata Ayubu alikuja na senene kwenye jani la mgomba. Shati lake lilikuwa na unyevu, naye alikuwa akikohoa.

"Shikamoo, Bibi. Hizi ni za Jovitha. Aliniandika vizuri kabisa, waitu," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya. "Kukosa kwangu si kosa lake."

Laiti angemtukana! Jovitha aliona aibu hata akashindwa kumtazama. Ayubu alipoondoka, Jovitha hakuzigusa senene zile. Alilia, akamweleza bibi yake kila kitu.

Bibi alilikunja blanketi la pili. "Mwanangu Rwegasira hasikii baridi tena," alisema. "Ayubu anaisikia. Nipe fimbo yangu, twende."

Walimkuta Mwalimu Byarugaba ofisini. Jovitha alikiri.

"Ulijua kwamba ni nyumba moja?"

"Nilijua, Mwalimu."

Mwalimu hakumchapa. Alimpa kalamu nyekundu na daftari. Jovitha alipiga mstari juu ya jina la baba yake, na hakuna fimbo ambayo ingemuuma kuliko hapo.

"Baba yako hatujamfuta," Mwalimu alisema taratibu. "Tumefuta mstari uliozidi. Nami nimekosa, nilipaswa kulisoma daftari mbele ya kijiji kabla ya kugawa. Jumapili tutalisoma nyumba kwa nyumba, tutaje kibanja na anayeishi humo. Lakini kumbuka, Jovitha: anayejiandika mara mbili anamfuta mwenzake, hata kama jina la mwenzake bado linasomeka."

Kisha akaagiza Ayubu aitwe. Jovitha alimkabidhi blanketi kwa mikono miwili na kumwambia ukweli wote.

Ayubu alilipokea, akalikunjua. Mwishowe akauliza, "Zile senene mmeshakula?"

"Bado."

"Basi kaangeni. Jioni nitakuja na dada."