Kistari Kimoja Siku ya Usaili

Uso wa mwajiri uliganda kwenye laptopu yangu, mdomo wazi…

Sauti ikakatika. Mtandao ukabaki kistari kimoja.

Wadau, nimesota bila kazi mpaka marafiki wameacha kuniuliza. Usaili huu ndio ulikuwa tumaini langu la mwisho, na kuna mtu humu ndani alinimaliza mchana kweupe.

Nikazima laptopu, nikawasha. Wapi.

Nikafunga kila kitu kilichokuwa wazi. Wapi.

Nikazunguka nayo chumbani nimeiinua juu, shati na tai, chini bukta.

Kichwa kikapata moto. Nani mwingine kama si mdogo wangu, anayeshinda kwenye video?

Nilimkuta amekaa nje mlangoni.

"Umenimalizia mtandao."

"Kaka, mimi…"

"Nyamaza. Kuanzia leo sina mdogo."

Akanipa simu yake. Ilikuwa imezimwa.

"Niliizima tangu asubuhi, ili upate wote wewe."

Nikakimbilia sebuleni. Ruta haikuwa mezani!

"Mama, kile kidude cha intaneti kiko wapi?"

Mama akatabasamu, akafungua kabati la vyombo. Nyuma kabisa, nyuma ya masufuria na masinia ya bati, ruta ilikuwa imelazwa na kufunikwa vitambaa vyake vya kufuma, vile vya wageni.

"Nilikuwa nafagia, baba. Nikasema leo ni siku yako kubwa, vumbi lisije likaiharibu."

Nikairudisha mezani. Vistari vikajaa vyote. Na kitu cha kwanza kuingia kilikuwa ujumbe wa mwajiri: kazi yetu ni ya mtandaoni, tumempata mwenye mtandao wa uhakika, kila la heri.

"Wamesemaje, baba?"

"Watapiga, mama."

Akashukuru Mungu kwa sauti, akaenda kumwambia jirani.

Wadau, mtandao ukilegea, kwanza angalia ruta iko wapi. Iwe wazi, juu, mbali na vyuma. Maneno yatakusubiri, hayaharibiki. Mimi nilianza na maneno, na mdogo wangu hanisemeshi mpaka leo.

Ruta bado iko mezani, haina hata kitambaa. Na kila simu yangu ikiita, mama anatoka jikoni mbio, mikono ina maji.

"Ndio wao?"