Mji Usio na Mlango wa Mjumbe

Kila alasiri, akishavua sare na kufagia vipande vya nyuzi chini ya cherehani ya shangazi yake, Jemadari aliiteka meza ya kukatia vitambaa. Aliitandika karatasi ya manila iliyochorwa mji wa zamani: nyumba, ghala, kisima, na ukuta mnene wenye lango moja. Juu yake alimwaga maharagwe mia moja. Hao ndio walikuwa raia.

Jina la Jemadari alipewa darasani, maana alipenda vita vya kwenye karatasi kuliko chakula. Aliyeuchora mji alikuwa rafiki yake Wino, msichana mpole ambaye vidole vyake vilikuwa na madoa mwaka mzima. Mwalimu wa kompyuta alikuwa ameahidi kwamba mchezo utakaoshinda katika maonyesho ya shule atauingiza kwenye kompyuta, shule nzima iucheze. Sharti lake lilikuwa moja: kila mchezo uchezwe kwanza kwenye karatasi mara ishirini, matokeo yaandikwe kwenye daftari la majaribio, na wote waliouunda watie sahihi.

Kanuni aliziandika Jemadari. Mji unaweza kufunga mkataba na jirani kwa kumtuma mjumbe, na mjumbe hupita langoni tu. Mji ukizingirwa, lango hufungwa, wala hapiti mtu. Jeshi nalo haliondoki bila mkataba. Chakula kikiisha ghalani, raia watano hufa kila zamu. Ukizisoma moja moja, kanuni hizo zilikuwa na akili kabisa.

Walicheza mara tano. Mara zote hizo Wino, ambaye hata kuku akichinjwa hugeuza uso, alimtuma mjumbe mapema, mkataba ukafungwa, na vita havikutokea. Kisha Wino akashikwa na homa, akalala wiki nzima. Siku zilizobaki zikawa za kuhesabu kwa vidole. Jemadari aliketi mezani peke yake, akalifungua daftari, uvivu ukamshika.

"Mchezo wa sita," aliandika, "mji umezingirwa, umeshinda." Mchezo wa saba, mji umezingirwa, umeanguka. Akabadilisha kalamu, akauchafua ukurasa kidogo kwa makusudi, na kabla chai yake haijapoa michezo kumi na mitano ilikuwa imekwisha bila haragwe hata moja kusogea.

"Michezo yote hii umecheza na nani?" aliuliza Wino aliporudi shuleni, macho bado yameingia ndani.

"Na binamu zangu. Wewe tia sahihi, acha maswali."

Wino akatia sahihi. Kwa nini asimwamini? Walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa wazazi. Mwalimu aliomba watu wazima wawili wakae kwenye kila meza wacheze. Shangazi, aliyekuja na utepe wa kupimia ungali shingoni, akapewa mji. Jeshi akapewa fundi baiskeli mmoja, mtu wa maneno mengi.

"Dada, leo nakuzingira, usinichukie."

"Zingira tu, kaka. Ukuta wangu huu umeshonwa mara mbili."

Watu wakacheka. Lango likafungwa. Fundi aliurushia ukuta mawe mpaka mitambo yake yote ikavunjika, ukuta usitikisike. Zamu chache baadaye ghala la shangazi likawa tupu, akaondoa maharagwe matano ya kwanza.

"Yatosha," alisema. "Namtuma mjumbe tupatane."

Jemadari alikohoa. "Hawezi kutoka, shangazi. Lango limefungwa."

"Basi mimi nitamtuma wangu," fundi akadakia.

"Hawezi kuingia."

"Haya, naondoa jeshi. Nimeshindwa! Nirudi zangu nyumbani."

"Jeshi haliondoki bila mkataba," Jemadari alisoma kanuni yake mwenyewe, na sauti ikazidi kupungua, "na mkataba hupelekwa na mjumbe."

Fundi alicheka, lakini alicheka peke yake. Shangazi aliendelea kutoa. Kila zamu matano, na badala ya kuyarudisha kwenye kopo aliyapanga mstari pembeni mwa meza, moja baada ya jingine. Wakabaki raia themanini. Wakabaki hamsini. Watu waliokuwa wakipiga soga upande ule wakasogea mezani. Wakabaki ishirini. Yalipobaki matano aliyafunika kwa kiganja.

"Haya siyatoi," alisema.

Mwalimu alilichukua daftari. "Hapa pameandikwa mji ulizingirwa mara kumi na tano, na mara nyingine ukashinda. Ulishindaje?"

Wino alisogea mbele. "Mwalimu, tulijaribu mara ishirini. Sahihi yangu hiyo hapo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Jemadari alimtazama rafiki yake akimtetea kwa jambo ambalo halikuwahi kutokea, aibu ikampanda mpaka masikioni. Angeweza kunyamaza. Lawama wangegawana, na Wino asingejua kamwe.

"Ni mara tano, mwalimu," alisema. "Nyingine nilizitunga. Wino hakujua."

Mwalimu aliuondoa mchezo kwenye mashindano. Wino aliukunja mji wake, kazi ya miezi miwili, akautia kwapani na kutoka bila kumwangalia mtu.

Siku tatu hakumsemesha. Siku ya nne Jemadari alikwenda kwao na daftari jipya, akapiga hodi, akaomba msamaha bila kuzungukazunguka. Wino alilipokea daftari, akalifungua ukurasa wa kwanza.

"Tutacheza zote ishirini," alisema hatimaye. "Na mwandishi ni mimi."

Walitoboa mlango mdogo ukutani, wa mjumbe peke yake, wakaandika kwamba mjumbe haguswi na yeyote. Mchezo wa kumi na moja ukafichua kosa jingine, wakarekebisha, wakaanza upya kutoka mwanzo. Muhula uliofuata mwalimu alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akaucheza mchezo mwenyewe mara mbili, akakubali kuuingiza kwenye kompyuta.

Walipompelekea shangazi habari, alisimamisha cherehani na kuwapongeza. Wino akajikaza kuuliza lililomkaa moyoni.

"Shangazi, siku ile kwa nini uliyapanga mstari?"

Shangazi aliweka mkasi chini.

"Nilikuwa na umri wenu mji wetu ulipozingirwa," alisema. "Wazee walitaka kumtuma mjumbe mapema, watu wangali na nguvu. Mtunza ghala akaleta daftari lake: nafaka imekaguliwa, inatosha miezi sita. Wakasema, ya nini kujidhalilisha? Tungoje. Kumbe hakuwa amekagua. Aliandika tu, aende zake nyumbani. Magunia ya nyuma yote yalikuwa yameoza. Tulipogundua, walio nje hawakutaka tena kumsikiliza mtu. Wafu wetu tuliwalaza mstari, maana hatukuwa na nguvu za kuchimba. Mdogo wangu alikuwa wa nne kutoka mwisho."

Jemadari aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Mtunza ghala hakuwa mtu mbaya," shangazi aliendelea. "Alikuwa amechoka, kama ulivyochoka wewe. Sikilizeni, wanangu. Ukiandika kwamba umefanya jambo, kuna mtu usiyemjua ataliegemea neno lako kwa uzito wake wote. Kama hukufanya, andika hukufanya. Watakugombeza, ndiyo. Lakini watakugombeza wakiwa hai."