Ukoka wa Sabiha

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, stendi ya Bagamoyo, watu kama arobaini walikuwa wakimpiga mtu mmoja. Sabiha, ndani ya baibui lake jipya la zambarau, alikuwa anaenda zake kununua maji. Umati ukamfungia njia, akaona buti likimshukia kijana mbavuni. Kijana alikuwa amelala juu ya mashine ya kukatia nyasi, ameikumbatia, damu zinamtoka puani.

"Mwizi huyo! Leteni tairi!"

Sabiha alijua tairi ni la kumchomea mtu. Akafungua mdomo, ukatoka uwongo.

"Mashine yangu hiyo! Na huyo ni fundi wangu, mmenichelewesha kazi! Nani kamtoa damu? Ajitokeze nimwone!"

Hakujitokeza mtu. Wanaume waliokuwa simba dakika ile walikumbuka ghafla kwamba wana safari.

Kwenye bajaji kijana alijifuta pua kwa shati. "Dada, mimi sikujui."

"Wala mimi. Mashine ya nani?"

"Yangu. Nimeinunua jana. Risiti ninayo, hakuna aliyetaka kuisoma."

"Basi twende Zinga ukanikatie ukoka wangu. Sitaki kubeba uwongo siku ya Ijumaa."

Aliitwa Muzammil, mtu wa Mkange, na baada ya siku ile akawa anakuja kila wiki. Sabiha alikuwa ameupanda ukoka ule kwa mikono yake, kwenye uwanja alioachiwa na marehemu baba yake, akikusudia kuukodisha kwa sherehe za harusi.

"Kata theluthi tu ya urefu," Muzammil alimfundisha, akinoa kisu cha mashine. "Jani ndilo linalolisha mizizi. Ukilinyoa lote, umeua."

"Na maji?"

"Alfajiri, mara mbili kwa wiki, mengi, yazame chini. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila siku, mizizi inabaki juu juu, inadeka."

"Kama wewe."

"Mimi nadeka?"

"Leo umenipigia simu mara sita kuuliza ukoka umeamkaje."

"Nauliza ukoka, mpenzi, kwa sababu naogopa kukuuliza wewe."

Sabiha alicheka hadi mtandio ukamwanguka. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa akiisubiri ile simu ya alfajiri kabla hata ya kuswali, jambo lililomtia haya.

Muzammil akapeleka posa kwa Bwanaheri, kaka mkubwa wa Sabiha aliyeishi Dar. Baba alikwishafariki, kwa hiyo walii wa kumwozesha alikuwa yeye. Jibu lilikuja kwa simu.

"Mkata majani? Akikanyaga tena hapo nitamvunja miguu."

Wiki iliyofuata Sabiha alikwenda Tanga kumwuguza mama yake mdogo, na Bwanaheri akaja kulinda nyumba. Sabiha alirudi baada ya siku kumi, akasukuma geti, akasimama. Uwanja mzima ulikuwa na rangi ya mkeka wa zamani. Ukoka ulikuwa umekufa.

"Muulize huyo bwana wako," Bwanaheri alisema. "Nimemnyima mke, kaja kumwaga chumvi."

Na Sabiha, Mungu amsamehe, aliamini. Alipiga simu hapo hapo getini.

"Umeniulia ukoka wangu, Muzammil? Kwa hasira ya posa? Ningejua, ningewaacha wakuchome pale stendi!"

"Nakuja," Muzammil alisema.

Alikuja bila kujali miguu yake. Hakumsalimu mtu. Alipiga magoti, akachimba kwa vidole, akaonja udongo, akauchunguza ukoka.

"Hapa hapana chumvi. Umenyolewa hadi chini, juani, halafu—"

Bwanaheri alimpiga kwa reki ya chuma. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili likampasua mdomo. Muzammil alianguka, meno mawili yakabaki mchangani.

"Nimeukata mimi!" Bwanaheri alifoka, akiinua reki tena. "Uwanja wa watu hufagiliwa ukang'aa, si pori la nyoka! Nimeukata vizuri, nimeumwagilia kila adhuhuri, bado ukakauka! Nani kama si wewe?"

Sabiha alisikia. Theluthi. Alfajiri. Aliyeua ukoka alikuwa akijitaja kwa kinywa chake mwenyewe wala hajui, na yeye Sabiha alikuwa amemtukana mtu asiye na kosa. Aibu ilimchoma kuliko hasira. Alirukia mkono wa kaka yake, akamng'ata mpaka damu ikamjaa mdomoni. Bwanaheri akapiga yowe, akamzaba kofi lililomwangusha, lakini reki tayari ilikuwa imeanguka.

"Ni wewe!" Sabiha alilia pale chini. "Ni wewe na adhuhuri yako!"

Majirani waliingia, wakamshika Bwanaheri.

Hospitali hawakutaka kumshona Muzammil bila fomu ya polisi, kwa hiyo walipitia kituoni kwanza, yeye ameziba mdomo kwa mtandio wa Sabiha. Askari alishika kalamu.

"Aliyempiga ni nani?"

Muzammil alimvuta Sabiha mkono, akatikisa kichwa. Alijua, na Sabiha alijua: jina lile likiandikwa, hakuna walii, hakuna mkono wa kaka siku ya ndoa, huenda hakuna kaka kabisa.

Sabiha alikumbuka walivyolala chumba kimoja utotoni, yeye na Bwanaheri, wakigombania shuka. Machozi yalimtoka bila kelele.

"Bwanaheri bin Mwishehe," alisema. "Kaka yangu, tumbo moja."

Kalamu ikaandika. Sabiha akamgeukia Muzammil.

"Nilikutukana, nisamehe. Kadhi yupo, nitakwenda kumwomba aniozeshe yeye. Mimi sina mahari ninayoitaka wala sina tena wa kunisemea. Unanioa, au hunioi?"

Muzammil alitoa mtandio mdomoni ili ajibu, damu ikamtiririka kidevuni, neno halikutoka. Akachukua kalamu ya askari mezani, akaandika ndiyo pembeni ya fomu, chini ya jina la Bwanaheri.

"Hapo si mahali pake," askari alisema, lakini hakulifuta.